Kuwarushia watoto mipira ya mazoezi ya softiboli: ushauri kwa kocha anayeanza

Softiboli ni mchezo unaofanana na besiboli: mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo. Ukikabidhiwa ndoo ya mipira na kuambiwa uwarushie watoto wapige, kumbuka kwanza kwamba hushindani nao. Mrushaji wa mechi kazi yake ni kumnyima mpigaji mpira mzuri. Kazi yako wewe ni kumpa mpira mzuri, tena na tena, kwa kasi ileile na kwa mkono unaozunguka vilevile. Mtoto hujifunza kupima wakati wa kupiga kwa kuona jambo moja likijirudia. Mpira mmoja ukija kwa nguvu na unaofuata ukielea, hana cha kupima, atabaki kubahatisha tu.

Usalama uwe umepangwa kabla hujarusha mpira wa kwanza. Wavu wa kinga wenye umbo la L ni lazima hata kwa watoto wadogo, kwa sababu utasimama karibu nao kuliko mrushaji wa mechi. Uwazi wa wavu uwe upande wa mkono unaorushia, na kwa kuwa kwenye softiboli mpira huachiwa mkono ukipita chini, usawa wa nyonga, uwazi huo unafaa uwe chini. Ukishaachia mpira, ingia nyuma ya wavu, ndipo uangalie umekwenda wapi. Wengi huponzwa na hamu ya kuona, wakaacha kichwa nje. Anayepiga avae helmeti, asiwepo mwingine mwenye gongo la kupigia mkononi, na mipira iokotwe zamu inapokwisha, si katikati.

Sasa umbali. Kwa kanuni zinazotumika sana Marekani, wasichana wasiozidi miaka 10 hurushiwa kutoka mita 10.67 kwa mpira wenye mzingo wa sentimita 28. Wasiozidi miaka 12 hurushiwa kutoka mita 12.19, na wa kundi la miaka 14 na zaidi kutoka mita 13.11, wote kwa mpira wa sentimita 30.5. Wewe si lazima usimame huko. Kinachompa mpigaji shida ni muda alio nao, na muda huo hutokana na kasi pamoja na umbali. Mpira wa kilomita 64 kwa saa ulioachiwa mita 9 kutoka besi ya nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, hufika kwa takribani nusu sekunde. Sogea hadi mita 6, na mpira wa kilomita 43 kwa saa utampa nusu sekunde ileile. Kwa hiyo usijitese kurusha kwa nguvu usizokuwa nazo. Sogea mbele, urushe kwa utulivu. Epuka tu mpira unaopanda juu kisha ukadondoka, maana mtoto atazoea kuuchota kutoka chini kwenda juu, na tabia hiyo ni ngumu kuitoa baadaye.

Shika mpira kwa vidole vilivyolala kukingama juu ya mshono, uuachie mkono unapopita nyonga, na ulenge kati ya magoti na kifua. Siku za mwanzo lenga katikati tu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mkono wenyewe. Makocha wengi wanaoanza husimama wima na kuusukuma mpira kwa kiganja, bila kuzungusha mkono, kwa kuona kwamba hivyo ni rahisi kulenga. Mpira unafika, lakini mtoto hakuona dalili yoyote ya kumwambia aanze lini. Kwenye mechi atakutana na mkono unaozunguka duara zima, na hapo ndipo atakapochanganyikiwa. Zungusha mkono hata kama unarusha polepole, na piga hatua ileile kila mara. Mwambie mpigaji: mkono wangu ukiwa juu, uzito wako urudi mguu wa nyuma; mpira ukiachiwa, mguu wa mbele uwe unakanyaga. Kisha mtazame miguu, usitazame gongo. Utamwona mtoto ambaye kisigino chake cha mbele bado kiko hewani wakati mpira umeshakaribia besi. Mikono yake inaweza kuwa mizuri sana, lakini ataendelea kukosa, kwa sababu alichelewa kuanza.

Mipira inayotoka nje ya mstari nayo inakueleza mengi. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mipira ikitoka mara kwa mara upande wa besi ya kwanza, yaani kulia kwake akikutazama, anachelewa. Ikitoka upande wa besi ya tatu, yaani kushoto kwake, anawahi. Kwa wa kushoto ni kinyume chake. Akichelewa, usikimbilie kupunguza kasi. Ukipunguza atapiga vizuri leo, lakini hajajifunza kuanza mapema. Acha kasi ilivyo, umwombe aanze kujivuta nyuma mapema kidogo. Kasi naipunguza pale tu ninapoona mtoto anaogopa: mguu wa mbele unakimbilia pembeni, uso unageuka kabla mpira haujafika. Huyo mpe mipira ya sponji mpaka mguu utulie, na usimkemee. Hofu ya mpira ni ya kweli, nayo hupungua mtoto anapoona kwamba mpira haumuumizi.

Wakishapiga mipira ya katikati bila taabu, anza kubadilisha upande. Mpira wa ndani, unaopita karibu na mwili wake, hupigwa mbele zaidi ya mguu wa mbele. Wa nje, unaopita mbali naye, huachwa uingie kidogo kwanza. Mweleze hilo kabla ya zamu, kisha mrushie upande mmoja tu kwa zamu nzima. Mpira wa polepole wa kumhadaa uache hadi atakapokuwa na uhakika wa wakati wake. Kuuleta mapema ni kubomoa ulichokuwa unakijenga.

Zamu ziwe fupi, mipira 8 hadi 10, kisha aingie mwingine. Baada ya hapo mabega huchoka na mtoto huanza kuburuta gongo. Wanaosubiri wapige mpira uliowekwa juu ya nguzo fupi pembeni, au wadake inayopigwa. Wakati wa zamu sema kidogo. Mtoto anayeambiwa kiwiko, kiuno, kichwa na miguu kati ya mpira mmoja na mwingine hausikii wala hauoni mpira wenyewe. Chagua neno moja la zamu hiyo, na mengine yaache kwa siku nyingine. Na usirushe mpaka akutazame, gongo likiwa tayari.

Uangalie na mkono wako pia. Pasha bega moto kabla ya kuanza kama wanavyofanya wao, na mipira yako ikianza kudondoka kabla ya kufika besi ya nyumbani, mpe mwenzako ndoo aendelee.