Maswali ya Wasomaji: Mke wa mfalme Japani ya kale alikuwa pambo tu?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kuna mtu kaniambia Japani ya zamani mke wa mfalme hakuwa na sauti yoyote, kazi yake kuzaa mrithi basi. Ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu msomaji. Huyo aliyekwambia hamjui Komyo, mke wa mfalme Shomu, mji mkuu ukiwa Nara, karne ya 8. Huyu mama alizaliwa 701, baba yake Fujiwara no Fuhito, mwanasiasa mzito kweli, lakini hawakuwa damu ya kifalme, na hapo ndo tatizo lilipokuwa, maana cheo cha malkia mkuu kilikuwa cha mabinti wa ukoo wa kifalme. Na sio cheo cha heshima tu, mume akifa malkia wa aina hiyo anaweza kukalia kiti mwenyewe, Jito, mke wa mfalme Temmu, alishafanya hivyo kabla yake.

Sasa 727 Komyo akajifungua mtoto wa kiume, akatangazwa mrithi angali mchanga, mwaka uliofuata akafariki. Ukoo wa Fujiwara wakabaki hawana kitu mkononi. Mapema 729 mwanamfalme Nagaya, aliyekuwa na cheo kikubwa kabisa serikalini na kizuizi kwa ukoo huo, akasingiziwa uchawi na njama, wanajeshi wakazingira nyumba yake, akajiua, mkewe na watoto wake wa kiume nao wakafa. Miezi michache baadaye mwaka huohuo Komyo akapewa umalkia. Kumbukumbu rasmi za ufalme zenyewe baadaye zilikiri shtaka lilikuwa la uongo, na mimi hili linaniuma kila nikilisoma.

Alipopata cheo akapata na ofisi yake, yenye watumishi na mapato, na hiyo ndo siri ya nguvu yake, sio kumnong'oneza mume usiku. 730 akaanzisha sehemu ya kugawa dawa kwa wagonjwa maskini. 737 ndui ikaua kaka zake wote wanne waliokuwa vigogo serikalini, ungedhani ukoo umekwisha, lakini 738 binti yake akatangazwa mrithi wa kiti, mwanamke wa kwanza Japani kupewa nafasi hiyo. Kuna hati aliyonakili kwa mkono wake 744, ipo mpaka leo, mwandiko una nguvu kama wa mtu asiyeogopa kitu, na sahihi yake ni "binti wa tatu wa Fujiwara". Malkia mzima anasaini kwa ukoo wa baba yake!

749 Shomu akaachia kiti, binti akawa mtawala kwa jina la Koken. Ofisi ya mama ikapanuliwa, ikapewa jina jipya, Shibi Chudai, mkuu wake Nakamaro, mtoto wa kaka yake Komyo, ikawa inashindana na baraza kuu la serikali. Na ukitaka kujua nani hasa alishika nchi angalia njama ya 757, waasi walipanga wamuue Nakamaro halafu wavamie jumba la mama wachukue muhuri wa ufalme na kengele za wajumbe, zile walizobeba wajumbe wa serikali ili wapewe farasi njiani. Yaani vitu vya dola vilikuwa kwa mama, sio kwa binti aliyekalia kiti. Njama ikashindwa. Komyo akafariki 760, na Nakamaro bila yule shangazi hakufika mbali, 764 akagombana na Koken, akaasi, akauawa.