Maswali ya Wasomaji: Gari Kuukuu la Shambani

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa wakazi wa Nairobi wenye mashamba mbali na jiji, na zote zinauliza habari ya magari makuukuu ya bei nafuu. Tumezifupisha kidogo kabla ya kuzijibu.

SWALI: Nina ekari tano za maembe karibu na Matuu, na nimetenga shilingi 450,000 za kununua gari la kubebea maji, samadi na kuni. Binamu yangu anashikilia kwamba ninunue Land Rover ya zamani kwa kuwa, asemavyo, haifi. Fundi wangu anasema nitafute Hilux ya dizeli ya miaka ya tisini. Nimsikilize nani? Na kwa nini nisiagize kuukuu kutoka Japani, ambako nasikia yanauzwa kwa bei ya kutupa? — Msomaji, Umoja

JIBU: Ndugu msomaji, habari ya Japani tuimalize kwanza kwa kuwa haina maneno mengi. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane, na sharti hilo limo katika kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango, KEBS. Pikapu ya miaka ya tisini utakayoinunua leo ni ile ambayo tayari ina namba ya Kenya, na kwa kuwa hakuna nyingine za umri huo zinazoshuka katika bandari ya Mombasa, zile zilizo nzima wenyewe hawaziachilii kwa bei unayoiwazia.

Kati ya binamu na fundi, ninaegemea upande wa fundi, ijapokuwa si kwa sababu Hilux imeishinda Land Rover kwa ubora. Gari la shamba huwa rahisi pale tu ambapo spea zake na mtu anayelifahamu wako karibu na shamba lenyewe. Kabla hujatoa hata shilingi moja, nenda Matuu, uzunguke gereji zilizo kando ya barabara ya Garissa, uangalie ni pikapu za aina gani zilizofunguliwa boneti, kisha uwaulize mafundi klachi na pampu ya breki za kila aina hutolewa wapi. Kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utapata karibu kila kitu, zikiwemo spea za Land Rover na hata za Pijo 504 (gari lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na wa 1978, na ambalo ningelisifu zaidi kama nisingejua hali ya yale yaliyobaki). Hata hivyo, kumtuma mtu Nairobi akafuate sili moja ya mafuta ni siku nzima ya kazi iliyopotea, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuipita bei ya sili yenyewe.

Binamu yako hakukosea kabisa, ila amelitazama gari kutoka juu. Land Rover ilizinduliwa mwaka wa 1948, wakati chuma kilikuwa haba nchini Uingereza baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu, ambayo inaweza kuonekana safi hata baada ya miaka 40. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni ya chuma, nayo huliwa na kutu taratibu huku bodi ikiendelea kumeremeta. Ukipelekwa kuona Series III, toleo la Land Rover lililoacha kutengenezwa mwaka wa 1985, lala chini yake ukiwa na tochi na nyundo ndogo. Anza na boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya trela, kisha ufuate sehemu zote ambapo springi zimeshikizwa. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilichooza hutoa sauti nzito ya debe lililojaa mchanga, na pengine chembe nyekundu zitakuangukia usoni. Mahali palipopakwa rangi nyeusi majuzi pagonge mara mbili. Ifanyie Hilux vivyo hivyo, hasa ikiwa imefanya kazi Pwani, ambako upepo wa bahari una chumvi. Injini mbovu hufunguliwa ikarudishwa, lakini chesisi iliyooza inaweza kukumalizia fedha zaidi ya zile ulizolinunulia gari.

Kuhusu injini, mwombe mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, na ufikapo weka kiganja juu yake. Ikiwa na joto, subiri ipoe au urudi siku nyingine, kwa maana dizeli iliyochoka hujificha ikishapata moto. Moshi wa buluu usiokoma unaonyesha kwamba inachoma oili. Mweusi mara nyingi unatokana na nozo au na chujio la hewa lililoziba. Mweupe asubuhi si ajabu, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, mwite fundi. Kama ni Hilux yenye injini ya 2L au 3L (hayo ni majina ya injini, si lita), kumbuka kwamba inatumia mkanda wa taiming. Usipojua ulibadilishwa lini, uubadilishe kabla ya kubeba mzigo wa kwanza, kwa sababu ukikatika unaweza kuiharibu injini nzima.

Jambo ambalo hukuliuliza ni uzito wa maji. Lita moja ni kilo moja, hivyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima kabla hujahesabu tangi lenyewe, dereva na vijana wawili wa kushusha. Huo ni mzigo wa mwisho, au umepita mwisho, kwa pikapu nyingi za kawaida zilipokuwa mpya, seuze yenye miaka 30 na springi zilizolegea. Tangi lililojaa nusu nalo lina hatari yake, kwa kuwa maji husukumana gari linapokata kona na kulivuta upande. Chukua matangi mawili ya lita 250, uyajaze hadi juu, uyafunge mbele kabisa ya karia, nyuma tu ya kibanda cha dereva, na ukubali kwenda safari nyingi zaidi.

Kabla ya kulipa, tafuta taarifa za gari katika mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, na ulinganishe namba ya chesisi na ya injini na zile zilizogongwa kwenye chuma. Magari ya umri huu mengi yamebadilishwa injini, na hilo si kosa iwapo badiliko limeandikishwa. Usikubali hadithi ya logibuku iliyopotea kijijini. Hatimaye, usizimalize shilingi 450,000 zote kwenye ununuzi. Bakiza yapata theluthi kwa ajili ya matairi, breki na betri, kwa kuwa hakuna anayeuza gari kuukuu siku moja baada ya kulivalisha matairi mapya.

SWALI: Baba alituachia trekta la Massey Ferguson 135 huko Nyandarua. Bado linawaka. Ndugu zangu wanataka kulitumia kung'oa visiki na kuendesha mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Mama anaogopa. Je, ana sababu? — Msomaji, Kasarani

JIBU: Mama ana sababu, na ningeomba asikilizwe. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka wa 1964, na injini yake ya Perkins yenye silinda tatu ni miongoni mwa zilizo rahisi kutengenezwa. Kwa upande huo mmerithi mali. Hofu iko mahali pengine, kwani matrekta ya wakati huo kwa kawaida yaliuzwa bila fremu ya chuma ya kumkinga dereva likipinduka.

Visiki ndivyo vinavyoua. Mnyororo ukifungwa juu, kwa mfano kwenye ekseli ya nyuma au kwenye mkono wa juu wa kubebea jembe, na kisiki kikigoma, magurudumu ya nyuma hushindwa kusonga na badala yake trekta lenyewe huinuka pua na kumwangukia dereva, kwa muda usiomtosha hata kukanyaga klachi. Mnyororo ufungwe kwenye upau wa kuvutia ulio chini, klachi iachiliwe polepole, na kisiki kichimbwe na kukatwa mizizi kwanza. Kikikataa, waitwe watu wa mashoka. Tena, mtu asipande juu ya madigadi wala kusimama nyuma ya kiti, hata kama ndivyo kila mtu afanyavyo kijijini.

Ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine za kazi huenda mizunguko 540 kwa dakika, yaani tisa kwa sekunde moja. Ikishika pindo la koti, leso au kamba ya gamubuti, hakuna mwenye nguvu za kujiokoa. Fundi wa jua kali anaweza kuwatengenezea kifuniko cha bati nene kwa fedha kidogo, nacho kisiondolewe kwa kisingizio chochote. Anayetaka kuondoa majani yaliyokwama azime injini, si kutoa gia tu.

SWALI: Tuna ekari kumi Kajiado, upande wa Isinya, na nimepata Suzuki Sierra kuukuu kwa bei nzuri. Haina bima. Nataka tulitumie Jumamosi kwa kujifurahisha na wanangu wenye miaka 13 na 16, nao wajifunze kuendesha. Je, kuna ubaya? — Mama wa wawili, Lang'ata

JIBU: Furaha haina ubaya, dada yetu, na kigari ulichokichagua ni chepesi, kinaingia mahali ambapo magari makubwa hukwama. Lakini ni kifupi, chembamba na kimeinuka, kwa hiyo kona ya ghafla inatosha kukilaza ubavu. Kabla watoto hawajakalia kiti, fungieni mikanda iliyo imara na upau wa chuma juu ya vichwa, na wakae kwenye gia ya pili hadi mtakaporidhika wote wawili, wewe na anayefundisha.

Sheria ya bima, Sura ya 405, inadai bima ya mtu wa tatu kwa gari lolote linalotumiwa barabarani, na leseni ya kuendesha gari hutolewa kuanzia miaka 18. Ndani ya ua wako mambo ni tofauti, ila barabara ya vumbi inayopita kati ya vipande vyako viwili ni barabara kama nyingine yoyote. Ukitaka kuivuka, kata bima na ushike usukani wewe mwenyewe.

Ardhi ya Isinya kwa sehemu kubwa ni udongo mweusi ambao ukinyeshewa hushika magurudumu na kuyavisha matope hadi yasizunguke. Mvua ikinyesha, egesheni gari, kwa maana alama za magurudumu mtakazozichimba zitakauka zikiwa mitaro na kubaki hivyo hadi mvua nyingine. Wakati wa kiangazi tumieni magurudumu yote manne mahali penye changarawe au mchanga tu. Kwenye lami kavu Sierra haina difu ya katikati ya kusawazisha mbele na nyuma, na nguvu inayonaswa huko huvunja gia au viungo vya shafti.

Wanao wakinogewa, wapeleke siku moja wakatazame Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 kuchangisha fedha za ua wa kuzungushia msitu wa Aberdare. Hapo magari hupewa vituo 13 na saa kumi, na ushindi ni wa aliyevipitia vyote kwa umbali mfupi zaidi, si wa aliyekimbia kuliko wenzake. Wakirudi nyumbani, wapimie mchezo huo huo kwa mawe yaliyopakwa chokaa shambani mwenu, mmoja akiwa kwenye usukani na mwingine akitembea mbele kumwongoza.