Unataka kamera ya video? Tafuta kwanza tundu la maiki

Korosho zikishalipa, sherehe huku Mtwara hufuatana, na vijana wanaotaka kuanza kazi ya video huuliza swali lilelile: kamera ipi ina picha kali? Mimi nauliza, ina tundu la maiki? Mtu atavumilia picha yenye ukungu kidogo ya harusi ya dada yake, lakini sauti ikikwaruza atazima mapema.

Kwa hiyo dukani igeuze kamera ubavuni. Tafuta tundu la maiki la milimita 3.5, na la hedifoni kama lipo. Kisha fungua menyu uone kama kiwango cha sauti kinapangwa kwa mkono. Kwa ngoma zetu hili halina mjadala. Kamera ikijipangia yenyewe, ngoma zikirindima inashusha sauti yote. Zikinyamaza na mzee akasimama kutoa nasaha, maneno yake ya mwanzo yanamezwa. Baadaye inapandisha mpaka unasikia jenereta na watoto wa jirani. Panga mwenyewe wakati ngoma ziko juu kabisa, vilele vya sauti (pale mshale wa kiwango unapofika juu zaidi) vicheze karibu na desibeli -12. Ufukweni Shangani au Msimbati, maiki isiyo na manyoya ya kuzuia upepo ni kazi bure.

Kama simu yako inapiga picha nzuri, nunua maiki na stendi kwanza. Kamera itasubiri msimu ujao.

Zumu, yaani kuvuta kitu cha mbali kionekane karibu, hesabu ile ya lenzi tu. Ya kidijitali inavuta picha mpaka inachakaa. Ubora wa picha wa 1080p (Full HD) unatosha kuanzia. 4K, iliyo kali zaidi, ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 za kadi kwa saa, wakati 1080p ya megabiti 24 hula kama 11. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kunasa kila picha, 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za tyubu ukumbini zitapepesa. Ukiuziwa ya mtumba inayotumia kanda za MiniDV, iache hata kama ni bei ya kutupa: kuhamisha kanda ya saa moja huchukua saa nzima, tena kwa waya ambao kompyuta za sasa hazina tundu lake.

Kwenye unyago, ongea na makungwi kabla ya kuongea bei na mzazi. Mambo ya ndani si ya kamera. Siku wali (wasichana waliochezwa) wanapotoka, piga utakavyo.

Usiku uleule nakili kila kitu sehemu mbili, ndipo ufute kadi. Kuhariri, programu za Kdenlive na Shotcut ni za bure na hazihitaji kompyuta ya kutisha. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, ila inataka kadi ya picha yenye nguvu. Umeme ukikatika utajua kwa nini nasema hifadhi kila mara. Toa matoleo mawili: fupi la ndugu walioko Dar, na refu la nyumbani. Katika lile refu usikate foleni ya kutunza hata ikikuchosha, maana mama wa bibi harusi anataka kuona nani alikuja na nani alitoa. Na usizibe ngoma kwa bongo fleva, tafadhali.

Ukikabidhi, jaribu flashi kwenye TV yao kabla hujaondoka. TV nyingi za zamani husoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 tu, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hivyo harusi ya saa tatu igawe vipande na uvipe namba.