Sukari nguru iliyonidanganya wiki tatu

Shangazi yangu wa Kakamega haji mikono mitupu. Aliposikia nimepatikana na ugonjwa wa sukari, alipanda matatu hadi Kisumu na mabonge mawili ya sukari nguru, kayafunga kwa gazeti. "Hii ni miwa tupu, mwanangu. Haina kemikali. Hata wewe unaruhusiwa." Nilikuwa nimeshachoshwa na chai isiyo na sukari, basi sikubishana naye hata kidogo.

Wiki tatu nikawa nakwangua lile bonge kwa kisu, vijiko vitatu kwa kikombe, asubuhi na jioni, roho kwatu. Siku moja nikajipima sukari ya damu kabla ya chai: 8.1 mmol/L. Nikanywa chai ya maziwa yenye nguru peke yake, bila mkate wala mandazi. Saa mbili baadaye mashine ikasoma 12.3. Nikashuku vidole vyangu, maana ukidunga kidole chenye sukari mashine hudanganya. Nikanawa kwa sabuni, nikadunga kingine. 12.1.

Nguru ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Ule ukahawia ni molasesi ambayo kiwandani huondolewa. Kinachobaki karibu chote ni sukari ileile ya dukani. Mwili hauulizi kama ilipikwa kwa kuni au kwa mtambo.

Asali nayo ni hivyo hivyo, hata ikiwa ile nzuri ya Baringo. Kijiko kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, cha sukari nyeupe kama 12, kwa sababu asali ni nzito. Tende sitazizungumzia, zihesabu tu kama chakula.

Kilichonifaa mimi ni stevia. Asili ya mmea huu ni Paraguay, ingawa hata hapa jirani Kericho umelimwa. Unga uliosafishwa kutoka kwa majani yake ni mtamu mara 200 na zaidi kuliko sukari, na haupandishi kipimo. Lakini geuza pakiti usome maandishi madogo. Kuna zinazochanganywa na dekstrosi, ambayo ni glukosi kwa jina lingine, au maltodekstrini, na hizo hupandisha kipimo. Halafu usiumwage kama sukari: ukizidisha, uchungu fulani hubaki ulimini kwa muda mrefu. Mimi hutia chembe tu baada ya kuepua, na kazi kubwa naiachia tangawizi, iliki na mdalasini. Maziwa pia nimepunguza, kwa kuwa kikombe kizima kina gramu kama 12 za sukari yake yenyewe. Siku nyingi nanywa strungi, chai isiyo na maziwa.

Jambo moja nilijifunza nikiwa sokoni Kibuye, jasho linanitoka na magoti yanalegea. Natumia insulini, na siku hiyo nilikuwa nimechelewa kula. Kwenye mkoba nilikuwa na stevia tu, na sukari ikishuka chini ya 4, stevia haisaidii chochote. Mama muuza nyanya alinikorogea vijiko vinne vya sukari kwenye maji, nikanywa, nikakaa robo saa kwenye gunia lake kabla ya kujipima tena.

Sasa mkobani nabeba vipakiti vya aina zote mbili. Vya sukari ya kweli nimevifunga mpira, ili hata mikono ikitetemeka nivijue kwa kugusa.