Insulini ya chakula: pima ugali wako kwanza

Wengi wetu wenye kisukari aina ya kwanza tulianza na namba moja: yuniti sita asubuhi, sita mchana, sita usiku. Kwa mgeni wa sindano namba hiyo inasaidia, maana siku za mwanzo kuna mengi ya kushika. Lakini ugali wa kushiba hauwezi kupewa dozi sawa na bakuli la supu na ndizi moja. Ushauri wangu baada ya miaka mingi ya kuchoma ni huu: mwombe daktari au muuguzi wa kliniki yako akufundishe kuhesabu wanga (sehemu ya chakula inayogeuka sukari mwilini), kisha ukipime chakula kinachopikwa nyumbani kwako.

Kabla ya hesabu yoyote, ijue dawa uliyoshika. NovoRapid, Humalog na Apidra ni insulini za haraka. Huanza kazi ndani ya dakika 10 hadi 20, kilele chake ni kati ya saa moja na tatu, na huisha baada ya saa tatu hadi tano. Actrapid huenda taratibu zaidi: huchomwa nusu saa kabla ya kula na hubaki mwilini saa sita hadi nane. Mixtard ni mchanganyiko wa insulini ya aina ya Actrapid na nyingine ya muda mrefu zaidi, na hesabu za hapa chini si zake kabisa. Na kama unatumia bomba la sindano badala ya kalamu, hakikisha limeandikwa U-100 (yuniti 100 kwa kila mililita) kama chupa yako. Bomba la U-40 litakupa dozi mara mbili na nusu, na hiyo inaweza kuua.

Sasa ugali. Chati nyingi za vyakula hazikusaidii hapa, kwa sababu kila nyumba ina ugumu wake wa ugali. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Unga wa mahindi mkavu wa gramu 100 una wanga wa gramu 75 hivi, kwa hiyo nusu kilo ya unga ina kama 375. Ukishasonga, pima ugali wote. Ukipata kilo moja na nusu, kila gramu 100 za ugali huo zina wanga wa gramu 25. Fanya hivyo kwa wiki chache na jicho litazoea. Mimi siku hizi napima mara mojamoja tu. Wali mweupe uliopikwa una kama gramu 28 kwa kila 100, na kipande cha mkate ni kama 15.

Kwa insulini za haraka, madaktari wengi huanza kwa kugawa 500 kwa jumla ya yuniti za siku nzima, pamoja na zile za insulini ya muda mrefu. Anayetumia 40 kwa siku anapata 12.5, yaani yuniti moja kwa wanga wa gramu 12 hivi. Kwa kushusha sukari iliyopanda hugawa 100 kwa jumla hiyohiyo: yuniti moja inashusha sukari kwa 2.5 (namba zote za sukari hapa ni za mmol/L). Tuseme mtu huyo amepima akakuta 11, lengo lake ni 6, na mbele yake kuna ugali wa gramu 240. Wanga ni 60, basi yuniti 5, za kushusha ni 2, jumla 7. Hizo ni namba za kuanzia tu, na daktari wako atazirekebisha. Asubuhi wengi tunahitaji dawa zaidi kwa mkate uleule, kwa sababu ya homoni za alfajiri.

Ninaloliogopa kuliko yote ni kuchoma juu ya kuchoma. Umekula, baada ya saa moja na nusu umepima 13, roho inakwenda mbio, unaongeza yuniti nne. Ile dawa ya kwanza bado iko kazini! Zikikutana, sukari inaporomoka, mara nyingi ukiwa umelala. Kwa insulini ya haraka subiri angalau saa nne kabla ya kushusha tena, na kwa Actrapid subiri zaidi, isipokuwa kama daktari amekuelekeza vingine.

Muda wa kuchoma nao una mambo yake. Nyumbani, chakula kikiwa tayari, dakika 15 kabla ya kula zinatosha kwa insulini ya haraka, mradi sukari haiko chini. Harusini au msibani usichome kwa kuambiwa chakula kinakuja. Ngoja sahani iwe mkononi. Mtoto asiyetabirika anaweza kuchomwa insulini ya haraka mara tu anapomaliza kula, kwa kiasi alichokula kweli, ulizeni kliniki. Chipsi na pilau lenye mafuta mengi humeng'enywa polepole, kwa hiyo sukari huweza kupanda saa kadhaa baadaye, wakati dawa imeshaisha.

Ukipima chini ya 4, acha hesabu zote. Kunywa nusu chupa ya soda yenye sukari, au koroga vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Wafundishe walio nyumbani kwamba ukizimia wasikumiminie kitu mdomoni. Wakulaze ubavu na wakukimbize hospitali.

Weka daftari lenye safu nne: sukari kabla ya kula, wanga, yuniti, sukari baada ya saa mbili. Nenda nalo kliniki kila mara, hata kama foleni ni ndefu, na umwonyeshe daktari mlo unaokusumbua.