Nywele za mtoto wa jirani

Dada, umesema jirani yako Mzungu huko Leicester, Uingereza, amepewa mtoto mweusi wa miaka 4 wa kulea, na nywele zinakatika. Nadhani anaziosha kila siku kama zake, kisha anazichana kavu. Mwambie mara moja kwa wiki inatosha. Azigawe mafungu manne, azilowanishe, apake kondishena nyingi, achane kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kwenda kwenye shina. Mafuta yaje baada ya maji, si badala yake. Kazi yake ni kuzuia maji yasipotee. Usiku mtoto avae kofia ya satini, maana foronya ya pamba hunyonya unyevu.

Msukeni mabutu, yasibane. Mtoto akilia kwa kuvutwa, fumueni, kwani nywele za ukingoni, kwenye paji la uso, zikinyofoka sana huweza zisiote tena.

Ngozi ya mtoto ikipauka, ampake losheni nzito akitoka tu kuoga. Ukurutu kwenye ngozi yetu huweza kuwa wa kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea, na mara nyingi hauonekani mwekundu, kwa hiyo asisubiri wekundu.

Na asimnyoe kabla ya kumuuliza ofisa ustawi wa jamii! Mama mzazi anaweza kuwa na neno.