Tiba ya jeni kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi

Dada, umeuliza kama habari uliyosikia kuhusu tiba ya jeni ya uziwi ni ya kweli, na kama uuze kiwanja ili mwanao aipate. Tiba ipo kweli, lakini inayoongelewa kwenye habari hiyo ni ya aina moja tu ya uziwi wa kurithi: hitilafu ya jeni ya OTOF. Jeni hiyo hutengeneza otofelini. Protini hii ikikosekana, seli za koklea (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti) hupokea sauti ila haziipitishi kwenye mshipa wa fahamu. Dawa huingizwa ndani ya koklea, mtoto akiwa amepewa nusukaputi. Dawa yenyewe ni nakala nzima ya jeni hiyo, inayofikishwa kwenye seli na virusi vilivyoondolewa madhara. Jeni ni ndefu mno kwa kirusi kimoja kuibeba, hivyo hugawanywa kwenye virusi viwili. Katika jaribio la Shanghai lililochapishwa Januari 2024, watoto 5 kati ya 6 walianza kusikia.

Uziwi wa homa ya uti wa mgongo, manjano ya uchangani au sindano za gentamaisini (dawa ya kuua bakteria) hautibiki kwa njia hii. Kwa hiyo usiuze kiwanja kabla hujajua chanzo.

Ukiwa Mwanza, anzia kliniki ya masikio ya hospitali ya Bugando, uulizie vipimo viwili: OAE, kinachopima kama seli za koklea zinaitikia sauti, na ABR, kinachopima kama sauti inafika kwenye mshipa wa fahamu na ubongo. OAE ikitoa jibu na ABR ikakosa mawimbi, OTOF inashukiwa. Manjano makali nayo huleta picha hiyohiyo, ndiyo maana kipimo cha jeni ndicho huamua. Maji nyuma ya ngoma ya sikio huvuruga OAE, yatibiwe kwanza. Usichelewe, maana jibu la OAE huweza kufifia mtoto anapokua.

Wakati huo mwanzishie lugha ya alama sasa hivi. Upandikizaji wa koklea, yaani kuwekewa kifaa kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu, unafanyika Muhimbili tangu 2017, na hata wenye hitilafu ya OTOF huwasaidia.